Taa Iliyomuwakia Baba Yako wa Ubatizo

Furaha,

Barua hii nimeificha ndani ya sanduku la mashine, chini ya sponji. Sikuiweka kwenye begi, juu ya kuwa begi utalifungua mbele ya watu, na kuna watu wanaosoma kwa macho ya pembeni. Mashine utaifungua ukiwa peke yako, ndivyo nilivyokufundisha. Kama kuna mutu nyuma yako sasa hivi, kunja karatasi. Soma kesho.

Ni saa kumi na moja za jioni. Wewe na papa yako mumeshuka bandarini kuhakikisha kama boti ya kesho asubuhi ni ile kweli waliyotuambia, maana mimi siamini tikiti ambayo jina limeandikwa kwa kalamu ya risasi. Umeme ungalipo. Niko kwenye meza yetu hapa Murara, na nina kama saa moja kabla hamujarudi.

Mambo ya sabuni, ya unga, ya nani umupe simu yako na nani usimupe, tumeyasema ya kutosha. Shangazi yako atayarudia yote ukifika Bukavu, na akianza yule hamalizi. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu yangu.

Unakwenda kufanya kazi kwa Papa Mugisho, parrain wako, mutu aliyekubeba siku ya ubatizo ukamukojolea shati jeupe. Mara tatu alituma neno uende, mara tatu nilikataa. Nilisingizia hali ya safari, nikasingizia masomo, nikasingizia hata mapafu yako. Mapafu yako ni mazima. Ukweli ni kwamba nilijiuliza: mutu niliyemutendea vile, anamutaka mutoto wangu kwa nini? Miaka saba hajaniletea hata salamu, leo anataka binti yangu akae mezani pake? Nimelala na swali hilo na nimeamka nalo, na hata sasa bado ninalo. Lakini wewe ulisema, "Mama, nitaenda, hata ukinuna," na papa yako akacheka. Basi. Kabla yeye hajakueleza, nakueleza mimi. Na usidhani ninafanya hivi kwa wema mutupu. Nimejichunguza, na kuna sehemu yangu inayotaka tu kumutangulia kusema.

Uliambiwa kwamba Papa Mugisho alihama kwa kutafuta kazi. Si kweli. Alihama kwa sababu yangu, na kwa sababu ya mashine uliyoishika.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa wawili katika atelye hii: yeye alilehemu nyuzi na kufunga plagi, mimi nilipima na kukabidhi kazi kwa mwenyewe. Parokia moja ikatuagiza kable ya sono, kutoka altareni mpaka kwenye meza ya mutu wa sauti kule nyuma: mita makumi matatu, nyuzi kumi na sita ndani ya ngozi moja. Kable kama ile ukiipima kwa multimeta munakuwa watu wawili, mumoja huku, mwingine kule, munapigiana kelele kama wauza mihogo. "Namba saba!" "Iko!" "Namba nane!" "Iko!" Na mimi, wakati wote nikisikia hiyo "iko", nilikuwa ninajiuliza: ananiambia iko, lakini nimeona anagusa wapi?

Hapo ndipo mashine ilipozaliwa. Watu waliniita fundi wa akili, mwanamuke wa kwanza wa mutaa kutengeneza kitu kama kile, na mimi nikaitika. Ukweli ni kwamba niliitengeneza ili nisihitaji neno la mutu wa upande wa pili.

Karte yenyewe, ile mikrokontrola ndogo iliyo ubongo wa mashine, ilikuwa na miguu michache ya kuungia nyuzi. Ukiondoa miguu ya kioo cha maandishi, ya taa na ya kitufe, ilibaki tisa. Nyuzi kumi na sita zina ncha makumi matatu na mbili. Nilitafuta njia kwa wiki mbili. Mwishowe nikapata zile puse, chipu nyeusi za kuongeza miguu, kila moja na miguu yake kumi na sita, na uzuri wake ni kwamba zote mbili zinaongea na karte kwa nyuzi mbili tu, zilezile, kila puse ikiitwa kwa anuani yake. Muuzaji aliyeniletea, nilimushuku: maandishi juu ya puse yalikuwa yamefifia kama yamesuguliwa. Nilizipima jioni tatu kabla ya kuzilehemu. Zilikuwa nzuri. Sikumuomba radhi.

Puse moja nikaiweka upande wa kusema, nyingine upande wa kusikiliza. Puse ya kwanza inatuma umeme kwenye uzi namba moja, ya pili inatazama umefika wapi. Kisha namba mbili, namba tatu, mpaka kumi na sita. Ukifika panapotakiwa, taa ya kijani. Ukitokea kwenye uzi mwingine, taa nyekundu, na kioo kinaandika nyuzi gani zinagusana.

Sasa sikiliza vizuri, juu hapa ndipo nilipokosea. Niliogopa kwamba kama nyuzi mbili zinagusana kweli, na muguu mumoja unasema ndiyo wakati jirani yake anasema hapana, hiyo miguu miwili itapigana na puse itaungua. Kwa hiyo nikaandika kwenye programu: muguu mumoja ukisema, mingine yote inyamaze kabisa, iachie uzi. Ilikuwa tahadhari, na nilijisifu nayo. Sikufikiria kwamba kwa kufanya hivyo niliiacha miguu ya upande wa kusikiliza bila kitu cha kuishika. Muguu wa namna hiyo hausomi ndiyo wala hapana. Unasoma chochote kinachopita karibu: uzi jirani, mukono wa mutu, nguo ya mutu. Na hapa Goma tunakaa juu ya mawe ya volkano, waya wa ardhi ukiuchimbia haupati udongo wa kuushika. Meza yetu ya mbao ilikuwa kama inaelea.

Mimi sikuona hayo. Niliona hivi: nikiwa peke yangu na kable ya parokia, taa ya kijani. Papa Mugisho akisogea, taa nyekundu. SABA NA NANE ZINAGUSANA. Nafungua plagi, saba na nane ziko mbali kabisa, zimelehemiwa safi. Nafunga. Kijani. Anarudi kutoka kunywa chai, anaegemea meza, nyekundu. TISA NA KUMI.

Siku tatu nilimutazama bila kusema. Mimi niliyekuwa nikiwacheka majirani wanaokwenda kwa mufumu kutafutiwa mwizi kwenye kioo! Kumbe nami nilikuwa na mufumu wangu, tofauti ni kwamba wangu alitumia betri. Nikaanza kukumbuka mambo. Alikuwa ameuliza kiongozi wa kwaya ya parokia ile anaishi wapi. Aliuliza kwa nini? Alikuwa na wembe muzuri mufukoni. Siku moja alinyamaza nilipoingia. Na mara mbili taa nyekundu iliwaka akiwa hayupo, lakini hizo nikazipatia maelezo: nikasema ameziharibu kabla ya kutoka. Unaona, mutoto wangu? Akiwepo ni yeye, asipokuwepo ni yeye.

Siku ya kukabidhi, kiongozi wa kwaya alikuja na mama wawili wa parokia. Nikawawekea viti. Nikaunga kable, nikabonyeza, kijani zote kumi na sita, wakapiga makofi. Papa Mugisho akaingia kutoka mvuani na lile koti lake la nailoni la bluu alilolivaa kila siku, akaja kusalimia, akainama juu ya meza. Nikabonyeza tena. Nyekundu.

Nikasema. Sikusema kwa sauti ya chini. Nilisema, "Munaona wenyewe. Huyu ndiye anayekata nyuzi ndani ya kable yenu, ili kazi yangu ionekane mbaya na muende kwake."

Alinitazama. Akasema, "Mama Furaha. Miye? Miye njo ninakata nyuzi?"

"Njo weye, weye mwenyewe. Mashine inakusema."

"Basi tupime tena. Nitasimama ku mulango."

"Ukisimama mulangoni itakuwa nzuri, hiyo tunaijua!" nikamujibu, na mama mumoja akacheka.

Fikiria. Mutu ananipa jibu lenyewe mukononi, ananiambia asimame mbali tuone, na mimi ninalitumia jibu hilo kumupiga nalo. Alichukua koleo yake na chuma chake cha kulehemu, akatoka. Koti alikuwa amelivua wakati ninaongea, akalitundika kwenye musumari, na alilisahau. Alikwenda mvuani na shati tu.

Habari ikaenda parokiani, ikarudi mutaani imeongezeka. Kufika mwezi kwisha hakuna mutu aliyemuletea hata redio. Akahamia Bukavu, kwa watu wake. Niliwatengenezea parokia kable nyingine peke yangu, ikapita kijani, nikasema: munaona? Ile ya kwanza niliiweka kwenye mufuko chini ya kitanda, iwe ushahidi.

Usiku ule ule wa kukabidhi papa yako alikuwa amerudi na maharagwe yake ya kuuza kutoka soko la Kiwanja, amechoka, nikamusimulia kwa fahari. Alikula mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Mashine yako ilisema nyuzi. Jina, ni weye ulilisema." Nilimukasirikia wiki nzima. Nilimushuku kwamba wanaongea na Mugisho kwa siri. Nilipekua simu yake. Hapakuwa na kitu, ila bei ya maharagwe.

Miaka miwili ikapita. Siku moja ya mvua, wewe ulikuwa shuleni, bati letu likaanza kuvuja juu ya meza. Nikashika koti la musumarini, lile la bluu, nikalivaa nipande kuziba. Nilipomaliza nikarudi kwenye kazi bila kulivua. Kulikuwa na kable ya mutu wa redio, nilikuwa nimeipima asubuhi, nzima kabisa. Nikabonyeza kitufe. Nyekundu.

Nikatazama nyuma yangu. Nakuambia kweli, Furaha, niligeuka kutafuta nani ameingia. Hakuna mutu. Nikabonyeza tena: nyekundu, nyuzi nyingine. Nikarudi nyuma hatua mbili na kitufe mukononi, waya wake ni murefu: kijani. Nikasogea na kusugua mukono wa koti: nyekundu, nyekundu. Nailoni, hata ikilowa nje, kwa ndani inabaki kavu, inasuguana na mwili, inabeba umeme wake mudogo, na miguu yangu isiyoshikwa na kitu ikawa inausoma na kuuita kosa. Nilivua lile koti kama linaungua. Nikatoa kable ya ushahidi chini ya kitanda, nikaipima nikiwa na blauzi tu, mara ishirini. Kijani mara ishirini. Ilikuwa nzuri tangu siku aliyoifunga.

Nilikaa chini. Nililia, ndiyo. Ulipotoka shuleni nilikuambia ni moshi wa makala ya jikoni.

Dawa yake ilikuwa ndogo, ndiyo maana inauma. Rezistansi kumi na sita, vidude vya kuzuia umeme, za ohm elfu kumi, moja kwa kila muguu unaosikiliza, inauvuta taratibu kwenye sifuri mpaka neno la kweli lifike. Kazi ya asubuhi moja. Zimo humo, mustari wa pili kutoka kushoto, utaziona kwa sababu ulehemu wake ni mubaya.

Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita. Soma tena: miaka mitano. Kumushuku bure kulinichukua siku tatu. Kunyamaza baada ya kujua kumenichukua miaka mitano, na hiyo sina mashine ya kuisingizia. Nilimupigia simu mara tatu. Alipokea, akasema, "Allô? Ni nani?" Nikakata. Nilijiambia: akijua ukweli ataurudisha parokiani, nani ataniletea kazi tena? Nilijiambia: labda ameshasahau. Nilijiambia hata kwamba labda, pamoja na yote, alikuwa na nia mbaya, ni vile tu hakupata nafasi. Unaona mutu anavyoweza kujitafutia sababu.

Na kuna lingine. Ulipopata diplôme d'État, ile ya kumaliza sekondari, ulisikitika kwamba parrain wako hakukuletea hata neno. Alileta. Kifurushi kilifika kwa mikono ya mutu wa boti, wewe ukiwa kwa nyanya yako. Ndani kulikuwa na chuma cha kulehemu, kipya, kizuri kuliko changu. Nikakifungua mpini, nikatafuta kama amekata waya ndani ili kikurushe kwa umeme. Nikapima kila kitu. Hakukuwa na kosa. Kulikuwa na karatasi imezungushwa kwenye waya: "Kwa mutoto wangu wa ubatizo. Pole pole na moto." Nikakificha. Nilikuacha umufikirie vibaya, juu ilinifaa. Kimo humu, upande wa kulia, na karatasi yake. Nisamehe kwa hilo kwanza, hilo ni lako wewe. Yale mengine ni yake.

Sitakuambia uache kushuku. Ningekudanganya, nawe ungenijua. Mpaka sasa sijui kwa nini anakuita. Inawezekana anakupenda tu, inawezekana anataka unione kwa macho yake, na kama ni hivyo ana haki. Ukiona jambo lisilo sawa mezani pake, rudi nyumbani, hata bila kuaga. Lakini kabla ya kutaja jina la mutu, sogea wewe kwanza mbali na meza, upime tena. Hilo mimi sikufanya. Nilimusogeza kila mutu isipokuwa mimi.

Nasikia sauti ya papa yako kwenye kona, anabishana na mutu wa pikipiki. Ninamalizia.

Ukifika, usimupe salamu zangu. Atafikiri ni mutego, na mimi ningefikiri hivyohivyo. Mupe kable iliyo kwenye mufuko mweusi. Ataijua, ameifunga mwenyewe. Unga mashine mezani pake. Kisha toa koti la bluu, liko chini kabisa ya begi lako, nimelifua na kushona mufuko uliochanika. Muombe alivae. Muombe asugue mikono yake, asogee, ainame juu ya meza kama siku ile, karibu kadiri anavyotaka. Wewe bonyeza.

Itawaka kijani. Nimeijaribu jana na leo nikiwa ndani ya koti hilo, mpaka papa yako akaniuliza kama nina homa.

Akikuuliza nani aliweka rezistansi, sema ni Mama. Akikuuliza lini, usinifiche. Muambie miaka mitano. Halafu nyamaza, mutoto wangu, umuachie yeye kitufe. Namba yangu ni ileile. Akipiga, safari hii sitakata.

Mama yako